Huzuni Iliyomkimbia Tabu

Auleria alikuwa amepiga magoti uani, anamwogesha mwanawe Kokushubila kwenye karai, alipoiona kofia ya askari ikipita juu ya ua wa makuti. Siku zile za Mwingereza, askari hakuja nyumbani kwa mtu kumjulia hali.

"Hodi hapa. Wewe ndiye mwalimu, mke wa Leodegar karani wa reli?"

"Ndimi."

"Kesho asubuhi unatakiwa hospitali ya serikali, mjini. Daktari Mzungu atamhoji yule mwanamke wa relini, na mwenyewe hataki kufungua mdomo mbele ya mkalimani mwanamume. Utafasiri wewe."

Hakumuuliza kama anataka wala kama anaweza. Aligeuka akaenda zake, na Auleria akabaki na kipande cha sabuni mkononi mpaka mtoto akaanza kutetemeka kwa baridi.

Mwanamke wa relini aliitwa Tabu. Hapakuwa na mtu pale Temeke asiyemjua, maana mama yake, Bi Somoe, ndiye aliyekuwa akiuza vitumbua pale kona, na Tabu ndiye aliyekuwa akiwachekesha wateja. Alikuwa na mdomo mwepesi kama cherehani. Mumewe, Bakari, alikuwa baharia wa meli za pwani. Akiondoka anakaa miezi. Kisha mtoto wao wa pekee, Mwinjuma, akashikwa na degedege asubuhi, na alasiri wakamzika.

Tabu alilia kama wanavyolia wenye kufiwa. Akagaagaa, akashikwa na wenzake, akanyweshwa uji. Watu wakasema ndiyo njia, machozi yakishamwagika, macho nayo hupumzika. Lakini arobaini ilipopita, Tabu alinyamaza. Hakulia, hakucheka, hakukasirika. Ukimpa chakula anakula, ukikisahau, hakiulizi. Wakamnywesha kombe la aya za Kurani, wakamfukiza ubani, wakaleta na fundi wa kupunga pepo, naye akasema hapana pepo hapa, akapewa nauli akaenda. Hata asubuhi moja Tabu akatoka bila kujifunika kichwa, akakatiza mashamba ya mihogo mpaka Vingunguti, akasimama katikati ya reli. Gari la moshi la bara lilikuwa limekwisha kupiga honi. Kibarua mmoja wa reli ndiye aliyemvuta mkono, wakaanguka wote wawili kwenye kokoto.

Wakampeleka polisi. Sheria ya Waingereza ilisema mtu akijaribu kujiua amefanya jinai, naye hufungwa. Ila kama akili zake si timamu, basi si jinai, ni maradhi, na huyo hupelekwa bara kwenye hospitali ya wendawazimu. Njia zilikuwa hizo mbili, na kila moja mwishoni ilikuwa na kufuli.

Alasiri ile Bi Somoe alikuja na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa. Alikuwa amekonda, kanga imemlegea kiunoni.

"Shikamoo mama," Auleria akasema.

"Marahaba mwanangu." Hakukaa. "Nimesikia ni wewe. Nimeshukuru Mungu, maana angalau wewe umezaa. Mie Kizungu sikijui. Lakini naambiwa kuna neno ukilisema, mwanangu anakwenda bara, na huko watu hawarudi. Basi ninalokuomba ni hilo tu. Usiliseme."

"Neno gani, mama?"

"Mie ningelijuaje? Wewe ndiye uliyesoma."

Auleria akapokea sahani vibaya, kawa likaanguka. Bi Somoe aliliokota, akalipangusa, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akaondoka.

Hakuna aliyejua kwa nini mwalimu aliogopa kiasi kile. Wengine walidhani ni Wazungu. Kweli aliwaogopa, kama kila mtu. Lakini hofu yake ilikuwa na mzizi mwingine. Baada ya kumzaa Kokushubila, mbali na mama yake na dada zake wote waliobaki Bukoba, Auleria alipitia miezi ambayo hakumsimulia mtu. Alimnyonyesha mtoto kama mtu anayemwagilia mti wa jirani. Alisimama dirishani akitazama kisima cha mtaa mpaka akajizuia kwenda kuteka maji peke yake. Kisha, pole pole, bila kujua kwa dawa gani, hali ile ikamwachia. Alimshukuru Mungu, akaifunga habari ile moyoni kama mtu anayeziba shimo la nyoka kwa jiwe. Kesho yake angekwenda kukaa karibu na mwanamke ambaye shimo lake lilikuwa wazi.

Leodegar aliporudi kutoka kazini akaambiwa. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua vibanio vya suruali, akafikiri.

"Sema unachokisikia, Mama Koku. Usitie chumvi, usipunguze. Mimi ninakula kwa Wazungu hao hao."

"Na kama sina neno lake kwa Kiingereza?"

"Masista walikufundisha miaka yote ile. Neno utakosa?"

Asubuhi, kwenye baraza ya hospitali, alimkuta Fransis, mkalimani wa mahakama, mzee wa Kinyamwezi mwenye koti la kijivu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Tabu alikuwa amekwisha kumkatalia, na jambo hilo lilikuwa limemuuma. Hata hivyo alimsogelea Auleria, akasema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa mlangoni.

"Sikiliza, mwalimu. Sisi kwetu mtu akiwa na huzuni, ana huzuni. Utasema majonzi, utasema simanzi, jitimai, wote wataelewa, watampa pole. Hawa wenzetu wamezigawa kama mafungu ya samaki. Ukisema *sad*, ni jambo dogo, hata mtoto aliyenyang'anywa embe ni *sad*. Atakuuliza, basi kwa nini akaenda relini? *Sorrow*..."

"Hilo nalijua," Auleria akasema. "Mama Maria wa Mateso wanamwita hivyo."

"Basi hilo liache kanisani. *Grief* ni la msiba. Hilo lina heshima, mfiwa ana haki nalo. Lakini mtoto amekufa zamani, atakuambia muda wake umepita. Ukisema *despair*, yaani amekata tamaa kabisa, umempeleka kwa hakimu: alikusudia. Na ukisema *melancholy*..." Akameza mate. "Mimi nililisema neno hilo mbele ya daktari aliyekuwapo kabla ya huyu. Nililiona zuri, linalia vizuri mdomoni. Kumbe kwao ni jina la wazimu. Yule niliyekuwa nikimfasiria alipandishwa gari la bara wiki ile ile."

"Alirudi?"

Mlango ulifunguliwa, wakaitwa.

Chumba kilikuwa cheupe, kina meza, viti na dirisha la nyavu. Daktari alikuwa Mzungu mwembamba, bado kijana, shingo imeungua jua, jasho linamtiririka hadi ndani ya kola. Hakuwa na uso mbaya. Hilo lilimtisha Auleria zaidi, maana ubaya angeujua pa kuushika. Akaapishwa kwa Biblia kwamba atafasiri kweli tupu, asifiche wala asizidishe. Fransis aliachwa akae nyuma, karibu na mlango, na askari akasimama nje.

Tabu aliletwa. Walikuwa wamemvalisha shuka la hospitali. Alikaa alipoambiwa akae. Auleria akamtazama machoni, na mara akatamani asingemtazama. Aliyajua macho yale. Aliwahi kuyaona kwenye kioo.

"Mwulize," daktari akasema, "je, ni *sad*?"

"Tabu, dada yangu. Anakuuliza, una huzuni?"

Nzi alitembea juu ya meza. Daktari akangoja, akaichukua kalamu, akaiweka. Kisha Tabu akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa:

"Sina."

"Huna?"

"Nilikuwa nayo. Mtoto alipokufa nilikuwa nayo tele, ilinijaa mpaka kooni. Halafu siku moja nimeamka, haipo. Imenikimbia."

Auleria alitafuta Kiingereza, na kwa haraka ya woga akashika kilichokuwa karibu. Akasema neno kwa neno: mama huyu anasema si *sad*, anasema huzuni yake ilikuwa naye, kisha ikakimbia.

Daktari akainua kichwa.

"Ilikimbia? Ilikimbia kwenda wapi? Anaiona kama mtu? Inasema naye? Mwulize, huisikia sauti yake?"

Na kalamu ikaanza kuandika.

Hapo ndipo Auleria alipojua hofu ni kitu gani. Hakuwa amelisema neno la Fransis. Hakuwa amesema lolote kati ya yale yaliyokatazwa. Alisema maneno matupu ya nyumbani, ya kila siku, ambayo mtu husema "usingizi umenikimbia", "hamu imenikimbia", na yalipovuka meza yakageuka mizimu. Alitazama ile kalamu inavyokimbia, akaona gari linakwenda bara, akamwona Bi Somoe amesimama kona na kikaango chake, anangoja. Nyuma yake Fransis akakohoa, kikohozi kidogo cha mtu anayeona mwenzake anazama.

"Bwana," akasema kwa Kiingereza, na sauti yake ikatoka nyembamba, "kosa ni langu. Si mtu. Hakuna sauti. Ni namna tunavyosema sisi."

"Basi ana maana gani?"

"Ana maana..." Alitafuta. Masista walimfundisha majina ya maua ya Ulaya ambayo hakupata kuyaona, wakamfundisha na dhambi zote kwa majina yake, lakini neno hili hawakumpa. "Mtu akiukalia mguu wake muda mrefu, bwana. Mguu upo, lakini ukiufinya hausikii. Ndiyo hiyo. Lakini si mguu. Ni ndani."

"*Numb*," daktari akasema polepole.

Auleria hakulijua neno lile. Alilirudia midomoni bila sauti. Lilikuwa fupi, limeziba mwishoni kama mlango.

Daktari akaegemea kiti, akamtazama, naye macho yake yalikuwa yamechongoka sasa.

"Umeapa kufasiri kweli. Huyu mwanamke hakusema lolote kuhusu mguu. Ulipofasiri mara ya kwanza hukuutaja. Unajuaje kwamba ndiyo maana yake, na si maana uliyomtengenezea wewe kwa kuwa ni jirani yako?"

Swali likakaa juu ya meza. Auleria angeweza kusema: Waswahili wote hujua. Angeweza kunyamaza. Alikuwa na mtoto nyumbani, alikuwa na darasa la wasichana wadogo, alikuwa na mume mwenye kazi ya serikali. Na kila kimoja kati ya hivyo kingeweza kuondolewa kwa neno lile lile lililokuwa likimnyemelea Tabu.

"Kwa sababu iliwahi kunipata mimi," akasema.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Wewe?"

"Nilipojifungua. Haikuwa *sad*, bwana. *Sad* ningeifurahia. Mtu mwenye *sad* hulia, na akilia hupumua. Mimi nilikuwa nikimtazama mtoto wangu kama mtoto wa kwenye picha."

Tabu, ambaye hakuelewa Kiingereza chochote, aligeuza kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kugeuka kwa hiari yake tangu aingie. Alikuwa ameisikia sauti, si maneno.

"Mwulize sasa," daktari akasema kwa upole zaidi, lakini swali lilikuwa lile lile walilokuwa wakiliogopa wote. "Alipokwenda relini, alitaka kufa?"

Auleria akamsogelea, akamshika mkono. Ulikuwa baridi. "Tabu. Anauliza, kule Vingunguti, ulitaka kufa? Fikiri kwanza, dada."

"Sijui," Tabu akasema.

Sijui. Katika maneno yote, lile! Angesema sikutaka, wangekwenda nyumbani. Auleria aliliona neno la kuokoa limekaa pale pale, silabi moja tu ya Kiingereza, *no*, nyepesi kama ganda la karanga. Hakuna ambaye angejua isipokuwa Fransis, na Auleria alipogeuka kumtazama, mzee alikuwa ametazama sakafuni. Alikuwa anampa nafasi.

Lakini Auleria alikuwa amekwisha kuaminiwa kwa neno moja, na alijua kwamba uwongo ukigunduliwa, na lile la kwanza litafutwa. Akaogopa kusema kweli, akaogopa kusema uwongo, akafanya lililobaki. Akauliza tena.

"Hujui. Basi ulifuata nini kule?"

Tabu alikunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. "Kishindo," akasema. "Ukisimama karibu na reli, gari likija, ardhi inatetemeka. Mifupa inatetemeka. Nilisema, likinitikisa nami nitajua nipo. Halafu lilipokuja karibu sikukumbuka kutoka."

Auleria alifasiri yote, na "sijui" ndani yake, hakuacha kitu.

Nje, wagonjwa waliitwa kwa namba. Hatimaye daktari akaandika mistari michache, akamwambia Fransis aifikishe kwa hakimu na kumweleza: huyu si mwendawazimu, na kusudi la kufa halikuthibitika. Ni *grief*, akasema, *grief* iliyoingia ndani mno. Akae kwa mama yake, asiachwe peke yake, na kila wiki aletwe hapa. Mwalimu atakuja naye.

Kisha, Auleria alipokuwa amesimama kuondoka, akamwita.

"Na wewe? Sasa u mzima?"

"Ndiyo, bwana, sasa ni mzima," akajibu upesi. Alikuwa bado chini ya kiapo, na hata baadaye hakujua kama alisema kweli.

Hakimu alikubali. Tabu akarudi Temeke kabla jua halijatua, mama yake amemshika mkono huu na Auleria mkono ule. Bi Somoe hakusema asante. Alimbusu Auleria kiganja, akalia, akaenda kuwasha moto wake.

Fransis hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini askari wa mlangoni alikuwa na masikio na Kiingereza kidogo, na askari ana mke. Siku chache tu baadaye, kisimani, wanawake walianza kumwachia Auleria nafasi pana kuliko ya kawaida. Mmoja, Chausiku, alimwambia mwenzake bila kushusha sauti kwamba hata wenye kusoma huchanganyikiwa. Msimamizi wa shule, Sista Mzungu, akamwita ofisini. Alimsemesha kwa upole mwingi, akampa kiti, akamtaka apumzike kufundisha muhula ule, asaidie ushonaji. Auleria alishona akiinua kichwa kila mlango ulipofunguliwa, akidhani ndiyo wamekuja kumchukua.

Lakini alilokuwa akiliogopa kuliko yote lilikuja kwa baiskeli. Leodegar alisikia habari ile kazini, kwa karani mwenzake, mbele ya watu. Alifika nyumbani mapema, kabla ya saa zake. Hakuiegemeza baiskeli, aliiangusha.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Wazungu wamejua kabla yangu. Askari amejua kabla yangu."

"Niliogopa, Baba Koku."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa utanirudisha kwetu, umbakize mtoto."

Leodegar alikaa kwenye kizingiti, mgongo kwake. Alikuwa mtu wa kujipiga pasi, wa kola ngumu; sasa kola ilikuwa wazi. Alipokuja kusema, alisema kwa Kihaya, lugha ambayo hawakuitumia sana tangu waje mjini.

"Miezi ile nilidhani umenichukia. Nilikuwa nikirudi, unanitazama kama ukuta. Nikasema, amechoka nami, anatamani angeolewa na mwingine. Nilikwisha kuuliza nauli ya gari na meli ya ziwani. Ningekurudisha, Auleria, kwa kosa la kunichukia."

Hatari aliyokuwa akiikimbia Auleria ilikuwa imepita mlangoni pake, karibu kiasi hicho, na hakuisikia hata kishindo.

"Sikukuchukia," akasema.

"Sasa nimejua." Akamgeukia. "Ikirudi, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Hata kama neno hulipati?"

"Hata kama silipati."

Kila wiki alikwenda na Tabu mjini, kwa miguu, kupitia Chang'ombe na Keko. Njiani hawakusema sana. Daktari aliuliza maswali, Auleria akafasiri. Hata siku moja, wakirudi, pale Keko, mwanamke wa mbele yao aliyebeba mtungi akajikwaa, mtungi ukapasuka, naye akaketi chini kwenye matope akiulilia mtungi wake. Tabu alisimama. Akamtazama. Midomo yake ikaanza kucheza, kisha akapiga ukelele uliowatoa watu majumbani. Alilia akiita Mwinjuma, Mwinjuma, akajitupa chini, akashika mchanga. Watu wakasema mshikeni, amerukwa na akili, muiteni askari!

"Msimshike!" Auleria akapiga kelele. "Mwacheni alie!" Akakaa kando yake mchangani na nguo zake nzuri, ingawa hata yeye hakuwa na hakika, akamkumbatia kiunoni mpaka kilio kikawa kwikwi, na kwikwi ikawa pumzi.

Bakari aliporudi kutoka baharini aliambiwa yote na Bi Somoe. Alimchukua mkewe wakahamia Mabibo kwa shangazi yake, wakalima mpunga mabondeni. Auleria alirudishiwa darasa lake muhula uliofuata, ingawa wazazi wawili waliwahamisha watoto wao. Mahakama ilimwita kufasiri mara nyingine, kwa wanawake wengine, na hakupata kwenda bila kuogopa. Alikuwa akisimama kwanza barazani, anamwuliza yule mwanamke kwa Kiswahili, polepole, pembeni: "Nieleze vizuri, dada. Hiyo unayoisema ikoje?"